Kamyo moja ni ndobo ngapi?

Mama mwenye kuuza bunga pa soko anajua hesabu moja ambayo sisi watu wa mugodi tulichelewa sana kuijua. Mumuangalie asubuhi. Anafungua mufuko wa kilo 25, anakamata meka yake, anaanza kupima. Kama meka yake inabeba kilo 2 na nusu, mufuko ule utatoa meka 10. Si 11, si 9. Lakini muteja anafika na kusema: «Mama, uniongezee kidogo.» Mama anaweka kilima juu ya meka. Kilima kile ni gramu 300 tu, mutu haoni kama ni kitu. Lakini sasa kila meka inaondoka na kilo 2 na gramu 800. Mufuko unatoa meka 8 zenye kilima, ya 9 inatoka na kilima kidogo sana, na ya 10 haiko. Na ile ya 10 njo ilikuwa faida yake na franga ya taxi ya kurudia nyumbani.

Njo maana wamama wengine wanapitisha kijiti juu ya meka, kilima kinaanguka ndani ya mufuko. Na wale wenye kuacha kilima wamekwisha kukihesabu ndani ya beyi. Hakuna hata mumoja mwenye kuanza siku bila kujua mufuko wake una meka ngapi.

Sisi ku mugodi tunafanya kazi ya namna ile ile: kitu kidogo ndani ya kitu kikubwa. Ndobo ndani ya mufuko, mufuko ndani ya kamyo. Tofauti ni kwamba mama anajua meka yake mwenyewe, na sisi mara nyingi tunajua paka neno la mununuzi. Ninataka kueleza namna hesabu hii ilitupita, mimi delege wa sindika nikiwa pale pale, na namna tulivyoifanya nyuma.

Mifuko ilianza kuwa nzito

Tulikuwa kikundi cha wachimbaji 14, inje ya Kolwezi, tukitoa madini ya shaba. Mununuzi mumoja alikuwa anatuma kamyo yake. Mapatano yalikuwa ya mudomo: kamyo ikijaa na kusawazishwa juu, inahesabiwa tone 20, analipa tone 20. Mizani haikuwa pale. Kwa miezi ya kwanza hatukuwa na matata.

Kisha alituomba tuponde majiwe kabla ya kupakia. Zamani tulikuwa tunapakia majiwe makubwa, ya ukubwa wa ngumi na kupita. Sasa alitaka madogo, ya kuchanganyika na mchanga wake. Aliongeza franga kidogo kwa kazi ya nyundo. Tuliona ni bahati, tulikubali bila kuuliza.

Wabebaji ndio walijua wa kwanza. Hawa walikuwa vijana wa kulipwa kwa mufuko: wanajaza ndobo mbili ndani ya mufuko, wanapanda nao juu ya ubao, wanaumwanga ndani ya beni ya kamyo. Juma la pili mumoja wao alikuja kuniona.

«Baba delege, ile mifuko inakuwa nzito sana. Haiko sawa ya zamani.»

«Ndobo njo zile zile mbili», nilimujibu. «Ni jua. Munywe maji.»

Ninaandika jibu langu jinsi lilivyokuwa, kwa sababu nilikosa. Mabega yao ilikuwa mizani, na mimi sikuisoma.

Mwenye kunifungua macho alikuwa mama mwenye kuuza makala karibu na njia yetu. Alisikia vijana wanalalamika, akacheka.

«Delege, weye hauyauzisha makala? Mufuko ya makala makubwa inajaa mbio, juu ndani iko paka mupepe. Ukiyavunjavunja inashuka, unaongeza tena, inashuka, unaongeza tena. Ninyi bantu ba madini hamujue ile?»

Hatukujua. Ao tuseme tulijua kwa makala, hatukujua kwa jiwe.

Tulipima kwa maji

Jumapili tulikamata ndobo moja ya zile za kazi. Wote tulikuwa tunaiita ndobo ya lita 20. Neno la kwanza: usiamini jina la chombo. Tulichukua chupa ya lita moja, tukamwanga maji na kuhesabu kwa sauti. Chupa 20 ziliingia, na bado kulikuwa nafasi. Ndobo ilijaa kabisa ku chupa ya 21. Tulipiga mustari wa rangi pale ambapo chupa ya 20 ilifika. Ule mustari njo ukawa kipimo chetu.

Kisha tulijaza majiwe makubwa mpaka ku mustari. Kwa macho, ndobo imejaa. Lakini tulianza kumwanga maji juu ya majiwe, chupa kwa chupa, na maji yaliingia. Chupa 9! Maana yake, ndani ya ndobo ya lita 20 «iliyojaa», lita 9 zilikuwa mupepe, na jiwe lenyewe lilikuwa lita 11. Tulitoa maji, tukapima ndobo ku mizani ya kuazima, tukaondoa uzito wa ndobo yenyewe: kilo 33.

Nyuma tulijaza ndobo ile ile, mpaka ku mustari ule ule, kwa majiwe yaliyopondwa. Safari hii maji yaliyoingia ni chupa 7 tu. Jiwe lilikuwa lita 13. Mizani ilisema kilo 39.

Ndobo ni moja, mustari ni mumoja, jiwe ni la mugodi mumoja. Tofauti kilo 6. Sababu ni ile aliyosema mama wa makala: majiwe makubwa yanaacha matundu kati yao. Ukiponda, vidogo vinaingia ndani ya matundu ya vikubwa, na mchanga unaingia ndani ya matundu ya vidogo. Chombo hakikukua, lakini kinakula zaidi.

Mwalimu mumoja wa hesabu, mwenye kutusaidia mu mafunzo ya sindika, alituambia kwamba wasomi wakubwa pia walihangaika na jambo hili. Mwaka 1611, Johannes Kepler wa Ujerumani aliandika kwamba ukipanga mipira ya ukubwa mumoja, hakuna upangaji wenye kubana kupita ule wa wauzaji wa machungwa: safu moja chini, na kila chungwa la juu linakaa ndani ya shimo kati ya yale ya chini. Hata ukipanga hivyo, mipira inajaza sehemu 74 hivi juu ya 100, na zingine ni mupepe. Ukiitupa ovyo ndani ya chombo na kuitikisa, inafika karibu 64 tu. Kepler aliona, lakini hakuweza kuonyesha kwamba ni lazima iwe hivyo. Mumarekani Thomas Hales alitangaza mwaka 1998 kwamba amepata uhakikisho, na kazi ya kuukagua kwa kompyuta ilikwisha mwaka 2014. Miaka 400 karibu, kwa jambo la kupanga machungwa! Basi muchimbaji asipate haya kuuliza ndobo yake inabeba nini.

Kutoka ndobo mpaka kamyo

Sasa ilibaki kujua ndobo ngapi ziko ndani ya kamyo. Watu wengi wanaogopa hapa, lakini ni hesabu ya shule ya msingi. Siku kamyo ilipofika, tulipima beni kwa meta, ndani, si inje, kwa sababu vyuma vya pembeni vina unene na huwezi kuuza unene wa chuma. Urefu ulikuwa meta 5. Upana meta 2 na sentimeta 40. Kimo cha ndani meta 1.

5 mara 2,4 mara 1, ni meta kibu 12.

Meta kibu moja ni lita 1.000. Hii uikamate mu kichwa, itakusaidia maisha yote. Ndobo ni lita 20, basi meta kibu moja ni ndobo 50. Kwa hiyo beni ya meta kibu 12 ni ndobo 600. Na kwa kuwa mufuko wetu ulikuwa ndobo mbili, ni mifuko 300. Wabebaji walicheka tulipofika pale, kwa maana wao walikuwa wanajua tayari: kila kamyo walikuwa wanalipwa mifuko 300 ao kitu kama hicho. Hesabu ya karatasi na hesabu ya mabega zilikutana.

Sasa weka uzito:

Majiwe makubwa: ndobo 600 mara kilo 33, ni kilo 19.800. Hii ni tone 20 karibu. Mapatano ya kwanza yalikuwa sawa, hakuna mwenye kuibiwa.

Majiwe ya kuponda: ndobo 600 mara kilo 39, ni kilo 23.400. Yaani tone 23 na kilo 400.

Na sisi tulikuwa tunalipwa tone 20, sawa zamani. Zaidi ya tone 3 zilikuwa zinaondoka bure mu kila kamyo, na sisi wenyewe tulikuwa tunapiga nyundo ili ziingie vizuri.

Neno moja juu ya kilima. Kamyo zetu zilikuwa za kusawazishwa, lakini wengine wanapakia mpaka juu kama paa la nyumba. Paa hilo pia linahesabika. Pima urefu, upana, na kimo cha kilima pale katikati, kisha gawa kwa mbili, kwa sababu paa ni nusu ya sanduku. Beni kama yetu yenye kilima cha sentimeta 40: 5 mara 2,4 mara 0,4 ni 4,8, nusu yake ni meta kibu 2,4, ndiyo ndobo 120. Ncha za mbele na nyuma zinateremka, toa kidogo, useme ndobo 100. Ndobo 100 za kilo 39 ni tone 3 na kilo 900. Mama wa bunga anapoteza gramu 300 ku kilima. Wewe unapoteza karibu tone 4.

Mununuzi na mizani

Tulienda kumuona mununuzi watu wanne, na karatasi yetu. Hakukasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu alisema:

«Beni iko moja, kamyo iko moja, beyi iko moja. Munataka nini tena?»

Hapo ndipo hesabu ilitusaidia. Hatukusema «unatuiba». Tulisema: kamyo inayofuata ipite ku mizani kubwa ya kamyo, kwanza tupu, kisha imejaa, na watu wetu wawili wawe ndani. Kama tumekosa, tutalipa sisi feza ya mizani. Alikubali, ninafikiri kwa sababu alikuwa na hakika kwamba tutakosa.

Mizani ilionyesha tone 23 na kilo 200 za madini. Karatasi yetu ilisema 23 na 400. Tulikosa kwa kilo 200, kwa ndobo, chupa ya maji na mizani ya kuazima.

Alilipa kamyo ile kwa uzito wake, na kutoka siku ile tukapatana kwamba kila kamyo itapimwa. Lakini kamyo 6 za kuponda zilikuwa zimekwisha kwenda mbele ya pale. Tone 3 na kilo 200, mara 6, ni tone 19 na kilo 200. Karibu kamyo nzima tulimupa bure. Tuliuliza. Alikataa, na hatukuwa na karatasi yoyote yenye sahihi. Mapatano ya mudomo yanasaidia mwenye nguvu. Ile feza haikurudi mpaka leo.

Wabebaji wakauliza: na sisi?

Ningeweza kumalizia hapa, tukaonekana washujaa. Lakini kesho yake yule kijana wa kwanza alirudi, safari hii na wenzake wote.

«Baba delege, tunafurahi juu yenu. Lakini ile kilo sita, nani aliibeba?»

Hakuna aliyejibu mbio. Wabebaji walikuwa wanalipwa kwa mufuko, na mufuko wa ndobo mbili ulikuwa umetoka kilo 66 ukafika 78. Kilo 12 zaidi kwa kila safari ya ubao, beyi ile ile. Jambo ambalo mununuzi alitufanyia sisi, sisi pia tulikuwa tunawafanyia wao, na kwa neno lile lile: mufuko ni mumoja, beyi ni moja.

Wachimbaji wengi hawakutaka kusikia. Walisema feza ya mununuzi imechelewa, walisema vijana wako wengi barabarani, akiondoka huyu ataingia yule. Nilijua sauti ile, tumeisikia miaka mingi kutoka kwa mapatro. Tulizungumza siku mbili. Mimi nilisema kama mizani ni ya haki kwa tone, ni ya haki pia kwa kilo, ao tuache kusema neno sindika.

Jibu lilitoka ndani ya hesabu. Ndobo ya kuponda ni kilo 39 kwa lita 20, ndiyo kilo 1 na gramu 950 kwa lita moja. Ili mufuko urudi ku kilo 66 za zamani, uwe na lita 34: ndobo moja na lita 14. Mama mumoja alitushonea uzi mwekundu mu kila mufuko pale ambapo lita 34 zinafika. Usipite uzi. Basi beni ya lita 12.000, ukiigawa kwa 34, inatoa mifuko 353 karibu. Wabebaji walikuwa wanalipwa mifuko 300 kwa kamyo, sasa ni 353. Mifuko 53 ya zaidi, ambayo walikuwa wanaibeba tangu majuma bila kuiona ku malipo.

Wachimbaji wawili waliondoka mu kikundi kwa sababu ya uzi ule. Wengine 12 tulibaki.

Mvua pia inaingia ndani ya ndobo

Wakati wa mvua kuna kitu kingine cha kuangalia. Yale matundu ambayo yaliingiza chupa 7 za maji, mvua nayo inajua kuyaingia. Maji yanapimwa pamoja na madini, na mununuzi ana haki ya kuyaondoa. Matata ni kwamba mara nyingi anayaondoa kwa macho: «Hii imelowa, ninatoa 15 juu ya 100.»

Pima. Chukua kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini ya kamyo, uchanganye, upime kilo moja. Uikaushe juu ya bati, moto wa polepole, mpaka isitoe moshi wa maji. Pima tena. Kama imebaki gramu 920, maji yalikuwa 8 juu ya 100. Kwa kamyo ya tone 20, 8 juu ya 100 ni kilo 1.600 za maji. Kwa 15 juu ya 100 angekuondolea kilo 3.000. Kati ya jicho lake na bati lako kuna kilo 1.400.

Juu ya teneri, yaani shaba ngapi iko ndani ya jiwe, hiyo ni habari ingine, ina vyombo vyake na ujanja wake. Lakini mutu ambaye hajui kilo zake, teneri haitamusaidia.

Kila kikundi kiwe na meka yake

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka muchimbaji wa mukono awe na karata yake na awe ndani ya kooperative. Wengi wanaona kooperative ni karatasi ya kuonyesha polisi. Kwangu mimi, kazi ya kwanza ya kooperative ni kununua mizani, na kazi ya pili ni kununua daftari. Kama mizani ni ya mununuzi peke yake, wewe unaomba, hauuzi.

Baba yangu alikuwa mufanyakazi wa Gécamines, na wazee mbele yake walikuwa wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Walikuwa wanapokea posho, bunga na vingine, kwa kipimo cha kampuni. Mama yetu alikuwa anapima tena bunga nyumbani kwa meka yake, na kupiga mistari ya makala ku ukuta wa jikoni, mustari mumoja kwa kila meka. Sisi watoto tulifikiri ni mazoea ya wanawake. Siku moja mistari ilikosa kufika, na baba alirudi na mufuko ku bega mpaka ulipojazwa. Hakubishana, alisema tu: muhesabu mbele yangu.

Ndugu mwenzangu wa mugodi, hauhitaji diploma kwa jambo hili. Kesho ukienda ku kazi, beba chupa ya lita moja. Hesabu chupa ngapi zinajaza ndobo yako, piga mustari. Pima ndobo ya majiwe makubwa, pima ndobo ya kuponda, andika zote mbili. Siku kamyo inafika, pima beni yake ndani kabla jiwe la kwanza halijaanguka. Mapatano yawe ya karatasi, na sahihi pande mbili.

Na kama kijana anakuambia mufuko unakuwa nzito, usimuambie anywe maji.